Mlango wa Mombasa na Watu Walioupima

Wengi wetu tukaao huku Hirbadaw, karibu na mlima Hanang, bahari hatukuizoea. Maji makubwa tuyajuayo ni ya ziwa Balangida, nayo miaka mingine hupungua hata chumvi ikaonekana juu ya matope. Basi mtu wa bara akisikia kwamba merikebu imefika Mombasa, hudhani kuwa bahari ni njia pana isiyo na kizuizi, na kwamba chombo huingia bandarini popote kipendapo. Sivyo. Pwani ni kama zizi lililozungushiwa miiba: lina mlango wake mmoja au miwili, na ng'ombe asiyeujua mlango huchanika ngozi. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji habari za mlango mmoja tu, ule wa Mombasa, na jinsi watu walivyoujua, walivyoupigania na walivyoupima.

Kwanza yatupasa kueleza ile miiba yenyewe. Karibu pwani yote ya Afrika ya Mashariki imekingwa na mwamba wa matumbawe. Tumbawe huonekana kama jiwe, lakini ni kazi ya wanyama wadogo sana, laini, ambao kila mmoja hujijengea nyumba ya chokaa chini ya maji; hao wakifa, wengine hujenga juu yao, na hivyo kwa maelfu ya miaka mwamba huinuka mpaka karibu na uso wa bahari. Maji yakijaa, mwamba wote hufunikwa, wala mgeni haoni kitu ila povu jeupe la mawimbi. Yakipwa, hutokea mweusi, wenye meno makali yawezayo kupasua ubao wa merikebu kama shoka lipasuavyo kuni. Nayo maji ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa mchana na usiku, na siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kwa hiyo mahali palipo salama asubuhi huenda pakawa pa kuangamia adhuhuri.

Je, mlango watoka wapi katika ukuta kama huo? Zamani sana, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa barafu, bahari ilikuwa chini kuliko ilivyo leo kwa mita zaidi ya 100, na mito ya pwani ikachimba mabonde yake kwenda chini mpaka kuifikia. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda ikayajaza mabonde yale. Tena tumbawe hachukuliani na maji ya mto wala na tope lake, hata hakujenga vema palipotoka mto. Hivyo bonde la zamani likabaki kuwa njia yenye kina katikati ya mwamba. Mombasa ni kisiwa kilichokaa katika mabonde ya namna hiyo. Chombo kitokacho baharini hupita kwanza katika mwamba, kisha njia hugawanyika mbele ya kisiwa: mkono wa kulia yaelekea bandari ya kale, uliko mji wa Mvita, mkono wa kushoto yaelekea Kilindini.

Jina hilo la Kilindini twaomba msomaji alitazame vema. Kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu. Mtu hawezi kupaita mahali jina kama hilo kwa kupatazama tu, kwani maji ya pima 3 na maji ya pima 20 yote ni samawati kwa juu. Ni lazima awe amepima. Nalo jina lilikuwako kabla Waingereza hawajashusha mashua zao mahali hapo. Wenyeji walipima kwa upondo palipo na maji machache, na kwa bildi palipo na maji mengi. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba, na kamba huhesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Hata kipimo cha mabaharia wa Kiingereza, ambacho ni futi 6, asili yake ni mikono hiyo hiyo ya mtu aivutaye kamba. Wala vyombo vya kale havikuwa vya wajinga. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari hata mmoja, nao ukigonga mwamba hulegea kidogo badala ya kuvunjika. Lakini ujuzi wa mlango ulikaa katika kichwa cha rubani. Baba alimwonyesha mwanawe: ukiuona mnazi ule umekaa juu ya jabali lile, geuza usukani. Rubani akifa bila mwana, sehemu ya mlango hufa naye.

Sasa tuje kwa wageni. Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alipita pwani hii na merikebu tatu akitafuta njia ya Bara Hindi. Tarehe 6 Aprili, kabla ya mapambazuko, merikebu yake iitwayo São Rafael ilipanda juu ya fungu karibu na Mtangata, upande wa kusini wa Tanga. Maji yalipopwa ikabaki kavu kabisa. Wareno wakatia nanga nyingi kwa mashua, wakangoja. Na wakati wa kungoja, watu wa nchi ile wakawaendea na vyombo viwili wakiwaletea machungwa, ambayo Wareno wenyewe waliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa merikebu ikaelea. Hatujui kama yuko msomaji wa Tanga atakayefurahi kusikia kwamba machungwa ya babu zake yamo katika vitabu vya Ureno, lakini yamo.

Kesho yake jioni wakafika mbele ya Mombasa, nao hawakuthubutu kuingia. Walitia nanga nje. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, pamoja na pete iwe dhamana ya usalama wao. Tarehe 10 Aprili wakang'oa nanga ili waingie, lakini merikebu ya Vasco da Gama haikugeuka ipasavyo, ikagongana na iliyokuwa nyuma yake, wakatupa nanga tena kwa haraka. Katika fujo ile marubani wawili waliochukuliwa kutoka Msumbiji walijitupa majini wakaogelea kwenda zao. Vasco da Gama akaona hiyo ni dalili ya hila. Usiku akawamwagia watu wawili mafuta ya moto juu ya ngozi mpaka wakasema kwamba mji ulikuwa umekusudia kuwakamata. Usiku ule ule watu waliogelea wakajaribu kukata kamba za nanga.

Habari hizi zote twazipata kwa Wareno tu. Kwamba hila ilikuwako yawezekana, kwa sababu habari za mizinga waliyoipiga Msumbiji zingaliweza kuwatangulia. Lakini maneno yatolewayo kwa mafuta ya moto si ushahidi ambao hakimu mwema angeupokea. Lililo wazi kwetu ni hili: watu wenye mizinga, waliozunguka Afrika yote kwa dira na nyota, walisimama siku sita mbele ya mlango wenye upana wa kutosha, wasiweze kuupita, kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha. Tarehe 13 Aprili wakaondoka. Huko Malindi mfalme aliwapa rubani ajuaye njia ya Bara Hindi, wakasafiri tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei wakafika Calicut. Kwa habari ya São Rafael, waliporudi Januari 1499 mabaharia wengi walikuwa wamekwisha kufa, nao waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi wakaichoma moto pale pale penye fungu ilipokwama mara ya kwanza.

Wareno walijifunza. Agosti 1505 Francisco de Almeida alipofika Mombasa na kundi la merikebu, hakungoja rubani wala pete. Alituma vyombo vitangulie kupima kina cha mlango. Watu wa mji waliujua maana wa kazi hiyo, kwani waliwapiga mizinga kutoka ngome ndogo iliyokuwa mlangoni. Hawakusubiri mpaka askari washuke. Bildi iliposhuka majini walitambua kwamba vita imeanza. Mlango ukapimwa, merikebu zikaingia, na mji ukachomwa moto. Tangu hapo kila aliyeitaka Mombasa alitaka kwanza kuushika mlango wake. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imewekwa juu ya jabali la matumbawe mahali ambapo mizinga yake yatazama njia ya bandari ya kale. Hata Waarabu wa Omani walipoizunguka kutoka mwaka 1696 mpaka 1698, mara kwa mara waliokuwa ndani waliyatazama maji ya mlango huo, kama kuna msaada unaoingia.

Twafika sasa kwa upimaji wenyewe. Mwaka 1822 serikali ya Uingereza ilimtuma Kapteni William Fitzwilliam Owen na merikebu mbili, Leven na Barracouta, ili apime pwani za Afrika na kuandika ramani za bahari. Kazi ilidumu mpaka mwaka 1826. Tutaieleza namna yake, kwa kuwa watoto wetu wa shule hujifunza ramani bila kujua jasho lililo ndani yake.

Wapimaji huchagua kwanza alama za nchi kavu zionekanazo kutoka mbali: ncha ya jabali, mti mkubwa, pembe ya ngome. Hupima kwa uangalifu umbali kati ya alama mbili, na kutoka hapo, kwa kupima pembe, hupata mahali pa alama nyingine zote pasipo kuziendea kwa miguu. Kisha mashua ndogo hutoka na wapiga makasia. Mtu mmoja husimama mbele akitupa bildi, akiita hesabu ya pima. Mwingine hupima pembe kati ya alama za nchi kavu ili ajue bildi imeanguka wapi. Wa tatu huandika. Chini ya bildi hupakwa mafuta ya mnyama, ili ikipanda ilete chembe za sakafu ya bahari. Ikija na mchanga au tope, nanga itashika hapo. Ikija safi, tena na mkwaruzo, pana mwamba. Mtu mwingine hukaa ufukoni akiangalia mti wenye alama, aandike kila saa maji yamepanda kiasi gani, kwa sababu kina kilichopimwa wakati wa kujaa kitamdanganya atakayekuja wakati wa kupwa. Mwishoni hesabu zote hupunguzwa zilingane na maji ya chini kabisa. Kutupa, kuita, kuandika, kusogea hatua chache, kutupa tena: ndivyo ilivyokuwa tangu asubuhi mpaka jioni, juani, kwa miaka.

Nao walikufa. Homa iliwashika kwanza katika ghuba ya Delagoa, mwaka 1822, ikawafuata kila mto waliouingia. Madaktari wa siku zile hawakujua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo Ronald Ross alilithibitisha mwaka 1897. Nao walikuwa na desturi ya kumtoa mgonjwa damu, hata yule aliyekuwa na nguvu kidogo akaishiwa. Katika watu waliotoka Uingereza pamoja na Owen, zaidi ya nusu hawakurudi. Twaona ni haki kulitaja jambo hili, ingawa kazi yao haikuwa kwa faida yetu.

Barracouta, chini ya Kapteni Vidal, ilifika Mombasa Desemba 1823. Mji ulitawaliwa na Wamazrui, na liwali wao Suleiman bin Ali alikuwa na hofu kubwa, kwa maana Sayyid Said wa Maskati alikuwa akiutaka mji. Wamazrui wakaomba bendera ya Waingereza. Vidal hakukubali kuitoa. Hata Owen mwenyewe alipofika tarehe 7 Februari 1824, aliikuta bendera ya Kiingereza iliyoshonwa na wenyeji ikipepea juu ya ngome! Yeye akakubali kuuweka mji chini ya himaya, kwa sharti la kukomesha biashara ya watumwa, akamwacha afisa kijana, John James Reitz, awe mkuu. Reitz alikwenda upande wa Pangani, akashikwa na homa, akafa mwaka huo huo. Nafasi yake akaja kuishika James Emery, aliyekaa mpaka mwaka 1826, ambapo serikali ya London ilikataa jambo lote na Waingereza wakatoka. Mwaka 1837 Sayyid Said aliushika mji, na utawala wa Wamazrui ukaisha.

Basi himaya ilikuwa ya miaka miwili, nayo ikapita kama moshi. Ramani haikupita. Msomaji akiitazama leo ataona kwamba ghuba iliyo ndani ya Kilindini yaitwa Reitz, kwa jina la kijana yule aliyefariki, na kwamba mwamba wa upande wa kaskazini wa mlango waitwa Leven, na ule wa kusini Andromache, jina la manowari nyingine ya Kiingereza ya siku zile. Miamba ambayo wavuvi waliijua tangu babu na babu ikapata majina ya merikebu. Lakini majina ya Kilindini na Likoni yalibaki, nayo hayakutoka katika bildi. Yalitoka vinywani mwa watu. Kila ramani ya namna hii ina mikono ya aina mbili, na mmoja tu hutia sahihi.

Sisi wa Hanang tunayo sababu ya kulifahamu jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyanda za Basotu zilipimwa na kufanywa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Wafugaji wa Kibarbaig walikijua kila kisima na kila njia ya mifugo katika nyanda zile; lakini ujuzi wao haukuwa katika karatasi, nao wakajikuta wakiitafuta haki ya malisho yao mahakamani. Hatusemi kwamba kupima ni uovu. Twasema kwamba kitu kikisha kupimwa na kuandikwa, chaweza kutumiwa na mtu asiyewahi kukanyaga pale.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mlango. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na merikebu za barua za moshi zilipoanza kufika Unguja mwaka 1872, manahodha waliokuwa hawajaiona pwani hii walikuja na karatasi mkononi. Katika miaka ile ile ya 1870 William Wharton, aliyekuja kuwa mkuu wa ofisi ya ramani za bahari huko London, alipima tena sehemu za pwani hii, kwani merikebu za moshi zilizama zaidi majini, na kina kilichotosha matanga hakikutosha chuma. Bandari ya kale ikawa finyu. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, Kilindini ikapata kazi iliyostahili jina lake, na katika miaka ya 1920 yakajengwa magati ambapo meli kubwa hufunga ubavuni bila kushusha mzigo kwa mashua. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, manowari za Waingereza zilikimbilia humo. Vyombo vya matanga vikaachiwa upande wa Mvita.

Mwenye mlango aweza pia kuufunga, na pengine kwa hasara yake. Agosti 1914, katika mlango mwembamba wa Dar es Salaam, Wajerumani wenyewe walizamisha gati lao lielealo ili manowari za adui zisiingie. Manowari yao Königsberg, iliyokuwa nje baharini, ikakosa pa kurudi, ikajificha katika mto Rufiji, na huko ikaangamizwa Julai 1915.

Tulipofika Likoni kwa mara ya kwanza tulisimama katika kivuko, pamoja na watu na mikokoteni, tukaona meli inaingia. Ilikuwa ndefu kuliko kijiji. Tulidhani kwamba itapanda juu ya kisiwa. Mvuvi mmoja mzee akatuelekeza tuangalie alama mbili za nchi kavu, moja mbele na moja nyuma, juu zaidi. Akasema, "Akiziona zimesimama moja juu ya nyingine, yumo njiani. Zikiachana, amepotea." Twaona kwamba huo ndio mnazi na jabali la rubani wa kale, ila sasa umejengwa kwa saruji na kutiwa taa ili uonekane usiku.

Mwaka 2012 kazi ya kuchimba njia ile ilikwisha, ikafikishwa kina cha mita 15 ili meli kubwa zaidi zipite. Nahodha wa leo anayo ramani iliyosahihishwa, tena ana chombo kimwonyeshacho mahali alipo kwa hatua chache. Hata hivyo, akifika mbele ya mwamba hupunguza mwendo, akasimama nje karibu na mahali Vasco da Gama alipotia nanga, akashusha ngazi ya kamba ubavuni, na kungoja rubani wa Mombasa apande.